Siku Waliyoacha Kinga

Muuguzi mmoja nilijuana naye dukani kwa mjomba, mtaa wa Asiatique, nilikokuwa nikiuza vitenge. Alikuwa mteja wa kuchagua sana. Alikunjua kitambaa, akakinusa, akakipeleka mlangoni kukitazama juani, kisha akaomba kingine. Siku moja, kitenge bado kiko mkononi mwake, alinisikia nikipatana bei kwa Kiswahili na mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, halafu nikamgeukia yeye kwa Kirundi, halafu nikamjibu mjomba kwa Kifaransa changu cha shule. Akaniuliza kama ningeweza kumsaidia kazi fulani siku za Jumamosi.

Zahanati yake, iliyoko Mutanga Sud, ilitaka kuzungumza na vijana wanaosema Kiswahili. Yaani sisi Waislamu wa mjini, ambao majirani wanatuita Waswahili hata kama babu zetu walizaliwa hapa hapa Bujumbura, pamoja na Wakongomani waliovuka mpaka kwa biashara au kwa vita. Mazungumzo yenyewe yalihusu mapenzi na namna vijana wanavyojikinga. Walikuwa wameshajaribu kwa Kirundi. Vijana walikaa kwa adabu, wakanywa fanta, wakashukuru, wakaenda zao.

"Wananijibu kama wako darasani," muuguzi alisema. "Mimi nataka wanijibu kama wako nyumbani."

Sikumwambia kwamba nyumbani kwetu mambo hayo hayasemwi kabisa. Nilikubali kwa sababu nilitaka kusikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshaposwa, na yote niliyoyajua kuhusu mwanamume na mwanamke nilikuwa nimeyaokota vipande vipande: ugomvi wa majirani uliopenya ukutani, maneno ya harusini kabla hatujatumwa maji ili wakubwa wabaki wakizungumza. Na kipande kimoja nilichokipata mwenyewe, ambacho nyumbani hawakukijua.

Mahali pa kukutania nilipapata mimi. Rafiki yangu, msichana wa Uvira, alikuwa na saluni ya kusuka mtaa wa Kinama, chumba kimoja cha bati chenye ua mdogo nyuma. Jumamosi ya kwanza mafuta yalikuwa yameadimika mjini, mabasi hayakuonekana, basi mimi na muuguzi tukatembea kwa miguu, yeye akiwa amebeba viatu vyake vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Tulipofika, alivaa vile viatu mlangoni, akajifuta uso, akaingia.

Wasichana walikuwa wamekaa kwenye mkeka na viti vya plastiki, wote wakubwa, wengi rika langu. Wengine walikuwa wateja waliosukwa nusu. Muuguzi aliuliza kwa Kirundi, mimi nikatafsiri: "Una mpenzi?"

Hapana. Hapana. Mmoja akasema ameokoka. Mwingine akasema anasubiri ndoa. Rafiki yangu aliendelea kuvuta uzi wa nywele bandia. Mwishowe yeye mwenyewe akacheka.

"Dada, umeuliza vibaya," akaniambia. "Mpenzi ni neno la kwenye redio. Hapa hakuna mutu mwenye mpenzi. Uliza nani anakupigia simu asubuhi kabla hujaamka."

Nikauliza hivyo. Ua ukachangamka.

Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Kumbe kila mmoja alikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na cheo. Kulikuwa na wa kuonyesha, ambaye unaweza kumpeleka kwenu siku ya sikukuu. Kulikuwa na wa kutembea naye, mnakula mishikaki, mnaangalia ziwa, na hakuna anayeuliza kesho. Kulikuwa na wa mbali, aliyekwenda Oman au Nairobi, anayeishi ndani ya simu na kurudi mara moja baada ya muda mrefu akiwa mgeni. Na kulikuwa na mkubwa, mwenye mke wake, ambaye msichana mmoja alimwita "baba wa kodi ya nyumba" bila aibu wala majivuno.

Muuguzi alitaka kujua kuhusu kinga. Nilitumia neno lao, kapoti, na hapo wakacheka, lakini walijibu. Na kilichonishangaza ni jinsi walivyokubaliana, Waislamu na Wakristo, wa Burundi na wa Kongo. Kapoti ni ya wa kutembea naye. Kapoti ni ya mkubwa, akikubali. Kwa wa kuonyesha, mwanzoni mnatumia, kisha inafika siku mnaacha.

"Siku gani?" nikauliza.

Swali hilo sikutumwa. Muuguzi alinitazama, nikamweleza kwa Kirundi nilichouliza, naye akanionyesha kwa mkono niendelee.

"Siku alipofiwa na kaka yake," alisema msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote. "Alilia mbele yangu. Nikaona siwezi kumwambia avae."

"Siku aliponiacha peke yangu nyumbani kwake na funguo," alisema mwingine.

"Mi aliniuliza, huniamini? Nikairudisha kwenye mkoba."

Rafiki yangu aliacha kusuka. Alikuwa na mchumba Uvira, fundi wa simu, anayevuka kuja kumwona pale mpaka unapokuwa wazi. "Alinipeleka kwa mama yake," alisema. "Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe. Akanipa mutwangio, akasema, endelea, mi nimechoka. Basi. Siku ile nilijua nimefika."

Muuguzi akauliza, "Na kupima je? Kuna aliyeacha kwa sababu walikwenda kupima?"

Nilitafsiri. Vichwa vikatikiswa: hakuna. Kisha rafiki yangu akasema taratibu, kama mtu anayemfafanulia mgeni, "Ukimwambia twende tupime, ni kama umemwambia, we ni mwizi, geuza mifuko."

Njiani tukirudi, muuguzi alizungumza habari za bei ya mchele. Mimi nilikuwa nahesabu mambo mengine kichwani. Nilikuwa na siku yangu. Kabla sijaposwa, nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kijana mpole, mtu wa vitabu. Alikuwa wa siri kwetu, lakini moyoni mwangu alikuwa wa kuonyesha. Tuliacha kinga siku aliponiomba picha ya marehemu mama yangu aiweke katika simu yake. Hakuna kingine kilichotokea siku ile. Aliomba picha, nikampa. Baadaye alipata nafasi ya masomo nje, tukaagana bila ugomvi, na sikuwahi kufikiri tena juu ya jambo hilo mpaka nilipowasikia wasichana wa Kinama.

Na mchumba wangu sasa, fundi wa magari wa mtaa wetu, alikuwa ameshaoa mara moja, Kigoma, ndoa ikavunjika. Sisi wawili tulikuwa hatujagusana. Tulikuwa tunasubiri nikahi. Lakini ndoa, nilifikiri, ndiyo siku kubwa kuliko zote za kuacha kinga, na hakuna anayeuliza chochote isipokuwa mahari na idadi ya wageni.

Kwetu anayemfundisha bi harusi ni shangazi. Shangazi yangu aliniita nyumbani kwake alasiri moja, akafunga mlango wa sebuleni, na kabla hajaanza mafundisho akaniuliza ninakwendaga wapi Jumamosi. Nilimweleza. Nilitegemea kelele. Badala yake alisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Hiyo kapoti, unayo hapa?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba, za muuguzi. Nikampa moja. Alinawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaifungua kwa makini kama anafungua dawa ya macho. Aliivuta. Akaipuliza kidogo. Akaipeleka puani.

"Inanuka kama tairi jipya," akasema. "Na inavutika hivi. Sasa wanaosema inawabana, wanabanwa wapi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye hakucheka. Aliendelea kuigeuza vidoleni. Aliniuliza maswali ambayo hata Kinama hayakuulizwa: inavaliwa kabla ya udhu au baada, ikipasuka mtu anajuaje, mwanamke anaiondoa au mwanamume. Niliyoyajua nilimjibu, mengine nikamwahidi kumuuliza muuguzi. Mume wa shangazi ana mke mwingine mjini Rumonge, amemwoa kwa halali na shangazi alipika pilau ya harusi ile kwa mikono yake.

"Mwanamke wa umri wangu," akasema, "akiomba hii kwa mume wake, ataambiwa nini?"

"Sijui, shangazi."

"Mi pia sijui. Hakuna aliyewahi kuomba, ndiyo maana hatujui." Aliifunga kwenye karatasi. "Na we mchumba wako umemwuliza?"

"Bado."

"Basi nenda kaulize kabla hujaitwa mke. Mchumba anauliza, mke anaambiwa anatafuta vita."

Nilikwenda gereji siku hiyo hiyo kabla ujasiri haujaniishia. Nilimkuta amelala chini ya teksi, miguu nje, na huko ndani akigonga kitu. Nikaona ni heri hivyo, kuliko kumtazama usoni. Nikachutama karibu na magurudumu.

"Nataka tukapime kabla ya nikahi," nikasema. "Wote wawili. Virusi na mengine."

Kugonga kukakoma. Miguu ikatulia.

"Nani amekwambia kitu?" sauti ikatoka chini ya gari.

"Hakuna."

"Mke wa kwanza ametuma maneno?"

"Apana. Ni mimi tu nataka kujua."

"Kujua nini?"

Nilitaka kumweleza habari za funguo, na sombe, na kaka aliyekufa, lakini ilikuwa habari ndefu mno kuieleza miguu. "Kujua tulivyo," nikasema.

Hakutoka chini ya gari. Baada ya muda alianza kugonga tena, nami nikaondoka. Siku zilizofuata hakupiga simu. Mjomba alianza kunitazama kwa jicho la pembeni, kwa maana taarifa za gereji hufika Asiatique kabla ya chakula cha mchana. Nilijiambia posa imevunjika. Cha ajabu, pamoja na huzuni nilikuwa na hamu ya kujua atanipa sababu gani.

Kisha siku moja mchumba wangu akaja dukani saa sita, mikono ameosha mpaka kwenye viwiko, shati la Ijumaa. Alimsalimu mjomba vizuri, akaniomba nitoke naye kivulini.

"Mi nilikuwa naogopa," akasema. "Kigoma sikuwa mutu mzuri sana baada ya ndoa kuvunjika. Nilikaa nikifikiri. Nikaona hii hofu ninayo siku zote, we umeitaja tu. Twende. Lakini twende mbali na mtaa wetu."

Mbali na mtaa wetu maana yake Mutanga Sud, zahanati ya muuguzi wangu, kule juu karibu na chuo kikuu ambako hakuna anayetujua. Tulipanda huko asubuhi. Tulipoingia kwenye baraza la kusubiri, mtu wa kwanza niliyemwona ni mwalimu wa madrasa ya mtaa wetu, amekaa na mke wake kijana, kofia amevuta hadi kwenye nyusi. Pembeni yake alikuwa kijana mwuza mishikaki wa kona yetu na msichana nisiyemjua. Wote walikuwa wamefikiri kama sisi.

"Asalaam aleikum," mwalimu akasema, baada ya kusita.

"Waaleikum salaam, mwalimu."

"Malaria imezidi siku hizi."

"Imezidi sana," mchumba wangu akajibu kwa heshima. "Sisi pia ni malaria."

Mke wa mwalimu aliinamisha uso kwenye mtandio wake, mabega yakitikisika. Nilimpenda kuanzia hapo.

Walitutoboa vidole. Muuguzi hakuwa zamuni, nilifurahi. Aliyetuita ni daktari mdogo wa kike, sauti ya chini. Alituuliza kama tunataka majibu pamoja au kila mtu peke yake. Mchumba wangu akasema pamoja, na alivyosema niliona jasho juu ya mdomo wake. Virusi, hakuna kati yetu aliyekuwa navyo. Mchumba wangu akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu.

Kisha daktari akanitazama mimi. Kaswende. Mimi ninayo, mchumba wangu hana. Alieleza kwamba inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili yoyote, kwamba inatibika kwa sindano, kwamba ni vizuri tumeiona kabla ya mimba. Nilisikia kila neno na nikaelewa kila neno. Nilimwona yule mwanafunzi mpole akiniomba picha ya mama. Labda naye hakujua. Labda hata leo hajui, huko aliko.

Mimi niliyechutama kando ya gari na kusema nataka kujua tulivyo, moyoni nilikuwa nimekwenda kujua yeye alivyo. Nililiona hilo wazi pale kwenye kiti.

Tulishuka kwa miguu. Ziwa lilikuwa wazi kule chini na milima ya Kongo ilionekana vizuri. Tulipofika kwenye mti anapokaa muuza karanga, mchumba wangu alinunua karanga, akanipa pakiti, naye akabaki ameshika yake bila kuifungua.

"Kulikuwa na mutu," akasema.

"Kulikuwa."

"Ulimpenda?"

"Nilimwamini."

"Ingekuwa mimi ndiye niliyekutwa nayo," akasema, "ungefanyaje?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. Nilisema, "Sijui."

"Mi pia sijui nafanyaje." Akafungua karanga zake. "Lakini hizo sindano nitakusindikiza. Huku juu ni mbali."

Alinisindikiza kila mara. Sindano zile zinauma, mtu asikudanganye, na kurudi nyumbani nilichechemea, yeye akipunguza mwendo na kujifanya anaangalia magari. Hatukuzungumza sana juu ya yule mwanafunzi. Mara moja tu aliniuliza alikuwa anasoma nini, nikamwambia sheria, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa aina ya injini. Nilijaribu kumtafuta yule kijana kwa simu nimweleze akapime. Namba haikupatikana. Nilimwandikia dada yake, ambaye ninamjua kidogo, kwamba nina habari ya afya kwa kaka yake, anitafute. Sikupata jibu, sijui kama ilimfikia.

Rafiki yangu wa Kinama nilimweleza yote, akiwa ananisuka kwa ajili ya harusi. Vidole vyake havikusimama, lakini alivuta nywele kwa nguvu zaidi. Wiki ile ile mpaka ulifunguliwa, mchumba wake akavuka, na rafiki yangu akamwambia twende tukapime. Kijana alikataa. Hakugomba, alikataa kwa kucheka, akamwambia, mama ameshakuita mkwe, unataka nini tena.

"Umeachana naye?" nikauliza.

"Apana. Namupenda." Alikata uzi kwa meno. "Nimemurudisha mulangoni tu. Atatumia kapoti kama mgeni yeyote mpaka siku atakayokubali kupima. Amekasirika. Lakini anakuja."

Kwa shangazi mambo yalikwenda kwa njia yake. Aliniambia alimwuliza mumewe habari ya kapoti baada ya chakula, mbele ya sahani, kwa sauti ya kawaida kama anaomba chumvi. Mumewe alinyanyuka, akaenda Rumonge kwa mke mwingine, akakaa huko zaidi ya zamu yake. Shangazi hakupiga simu. Mume aliporudi alileta kikapu cha samaki wa mukeke waliokaushwa na habari kwamba mke mdogo naye amesikia na anataka kuuliza maswali. Wale wake wawili sasa wanaongea kwa simu wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kuwepo. Wanaongea nini, shangazi hasemi. Na mimi, ambaye nimezoea kuuliza kila kitu, kwake nimejifunza kungoja.

Tulifunga nikahi baada ya daktari kusema sawa. Jumamosi za Kinama zikaendelea, ila sasa muuguzi alitaka tuwasikilize na vijana wa kiume. Walikuja wapakiaji wa sokoni, wauza simu, mafundi wawili wa gereji ya mume wangu. Kwa wanaume, swali la simu ya asubuhi halikufanya kazi. Lililofanya kazi ni: nani ukiumwa atakuletea uji? Baada ya hapo walisema kama wasichana, na pengine zaidi.

Nilipowauliza siku waliyoacha kinga, majibu yao yalinichanganya. Mmoja alisema mpenzi wake aliacha kumkumbusha, akaona kama ataendelea kuvaa itaonekana anamdharau. Mwingine alisema yeye angependa kuendelea, kwa sababu anaogopa mimba, lakini alidhani msichana ataona hapendwi. Wa tatu alisema hivyo hivyo. Wasichana walikuwa wameacha kwa ajili ya wanaume, na wanaume wameacha kwa ajili ya wasichana.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu anachambua mchele, kazi ambayo majirani wanamcheka nayo. Nilimweleza. Alisikiliza, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni ya ungo.

"Sasa kama msichana hakutaka, na kijana hakutaka," akasema, "nani alitaka?"

Nilivua viatu, nikakaa chini upande wa pili wa ungo, tukaendelea kuchambua.